Ndege zilinunuliwa, mafundi wakasahauliwa: safari ndefu ya jeshi la anga la Congo

Katika kambi za watu waliohama makwao, mlio wa injini angani hukatisha mazungumzo. Mama anaacha kuchota maji, mtoto anaambiwa anyamaze, na wote wanatega sikio. Je, ni ndege ya misaada, ni ya abiria, ama ni ya vita? Na kama ni ya vita, ni ya nani?

Swali hilo lina umri wa zaidi ya miaka mia moja. Tangu ndege ya kwanza ya kivita ipite juu ya nchi hii, raia wa Congo ameziona nyingi, lakini mara chache zimekuwa mikononi mwa serikali yake kweli. Kuna kipindi kimoja tu ambapo serikali ilitoa pesa nyingi ili nchi iwe na jeshi lake la anga lenye nguvu. Namna kazi ile ilivyoanza, na namna ilivyoharibika, inafaa kukumbukwa leo, wakati nchi inanunua tena.

Mwanzo ulikuwa kwenye ziwa Tanganyika. Mwaka wa 1916, katika vita vya kwanza vya dunia, Wabelgiji walileta ndege nne zenye uwezo wa kutua majini, walizokopeshwa na Waingereza, wakaziweka Mtoa, karibu na mji unaoitwa leo Kalemie. Mwezi wa Juni zikavuka ziwa na kushambulia bandari ya Kigoma, ambako Wajerumani walikuwa na meli yao kubwa, Graf von Götzen. Mwezi wa Julai Wajerumani wenyewe waliizamisha meli hiyo wakaondoka. Baadaye ilitolewa majini, ikapewa jina la Liemba, ikabeba abiria ziwani kwa miaka mingi. Katika vita vile Wacongo walikuwa askari wa miguu na wapagazi. Ndege zilikuwa za wazungu.

Hali hiyo haikubadilika hadi uhuru. Baada ya vita vya pili vya dunia, Ubelgiji ilijenga kambi kubwa ya ndege huko Kamina, Katanga, na marubani wake vijana walitumwa kujifunzia huko. Ilipofika tarehe 30 Juni 1960, jeshi la kikoloni, Force Publique, lilikuwa bado linaongozwa na maofisa Wabelgiji. Nchi ilipata bendera na viwanja vya ndege, lakini haikuwa na marubani wala mafundi wake wa ndege za kivita.

Pengo hilo lilionekana haraka. Katanga ilipojitenga, tarehe 11 Julai 1960, Moïse Tshombe alitafuta ndege kuliko serikali ya Léopoldville ilivyoweza. Mwaka wa 1961 alipata Fouga Magister tatu, ndege ndogo za jeti zilizotengenezwa Ufaransa, na marubani wa kukodiwa kutoka nje. Mwezi wa Septemba, Fouga moja tu ilitosha kuwahangaisha askari wa Umoja wa Mataifa, wakiwemo Waireland waliozingirwa Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Umoja wa Mataifa ulilazimika kuleta ndege za kivita kutoka Sweden, Ethiopia na India. Mwishoni mwa Desemba 1962 ndege za Sweden ziliharibu ndege za Katanga zikiwa bado chini, huko Kolwezi, na mwezi uliofuata Katanga ikaacha kujitenga.

Wakati wa vita vya Simba, miaka ya 1964 na 1965, mambo yalikuwa yale yale. Serikali ilipewa ndege na Wamarekani, na wengi wa marubani walikuwa Wacuba waliokimbia nchi yao. Tarehe 24 Novemba 1964, makomando wa Ubelgiji waliruka kwa miavuli juu ya Stanleyville, Kisangani ya leo, kutoka kwenye ndege za Kimarekani.

Mobutu aliyaona yote hayo akiwa mkuu wa jeshi. Alipochukua madaraka mwaka wa 1965, aliamua kwamba nchi iwe na jeshi lake la anga. Kutoka Italia ziliagizwa ndege 17 za Macchi MB-326, za kufundishia na za kupigania. Kutoka Marekani zilikuja C-130, zile ndege kubwa za kubeba askari na mizigo. Mwaka wa 1973 likafuata agizo lililotangazwa kwa fahari: Mirage 5 kutoka Ufaransa, ndege 17 zenye mwendo wa kupita sauti. Nchi chache za Afrika wakati ule zilikuwa na ndege kama hizo.

Pesa zilitoka ardhini, kwa shaba. Mwaka wa 1974 bei ya shaba kwenye soko la London ilipanda hadi kiwango ambacho haikuwahi kufikia. Lakini ilipofika 1975 ilikuwa imeanguka chini ya nusu. Deni likabaki, mapato yakakauka. Si Mirage zote zilizoagizwa zilizowahi kufika Zaire.

Na hata zile zilizofika, kuzinunua kulikuwa mwanzo wa gharama tu. Ndege ya kivita hailingani na lori, ambalo fundi wa mjini anaweza kulifunga waya likafika. Kila baada ya saa fulani za kuruka lazima ifunguliwe na kukaguliwa. Vipuri vyake vinatoka kwenye kiwanda kilichoitengeneza, na vinalipwa kwa pesa za kigeni. Rubani asiyeruka kila wiki anapoteza ujuzi wake. Fundi asiyelipwa anatafuta kazi nyingine. Pesa zikikosekana, ndege moja inang'olewa vyombo ili nyingine iruke, kisha hiyo nayo inang'olewa kwa ajili ya tatu. Kwenye karatasi jeshi linabaki na ndege nyingi. Uwanjani zinazoruka zinahesabika kwa vidole. Huko Zaire liliongezeka tatizo jingine: ndege za mizigo za jeshi zilitumika pia kubeba biashara za wakubwa.

Vita vya Shaba vilitoa hesabu. Mwezi wa Machi 1977, wapiganaji wa FNLC, waliotoka Angola, waliingia Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo. Jeshi la anga liliruka, lakini halikuweza kuwazuia. Askari wapatao 1,500 wa Morocco ndio waliokuja kusaidia, wakibebwa na ndege za Ufaransa. Mwaka uliofuata, tarehe 13 Mei 1978, wapiganaji hao waliteka Kolwezi na kuharibu ndege za Zaire zilizokuwa uwanjani. Siku sita baadaye wanajeshi wa Légion ya Ufaransa waliruka kwa miavuli juu ya mji. Baadhi yao walibebwa na C-130 za Zaire yenyewe. Nchi ilikuwa na ndege za kuwabeba wakombozi. Watu wake wa kukomboa mji haikuwa nao. Watu wa Kolwezi, wanaoita ndege «ndeke», hawajasahau siku hizo.

Miaka ishirini baadaye, yaliyobaki yalikuwa machache. AFDL ilipoanza vita mwaka wa 1996, Mobutu alirudia kukodi marubani wa kigeni, safari hii wakiwemo Waserbia, waliokaa Kisangani. Tarehe 17 Februari 1997, ndege za serikali zilipiga mabomu Bukavu, Shabunda na Walikale. Raia waliuawa. Kwa familia nyingi za Kivu, hiyo ndiyo siku waliyoiona nguvu ya anga ya nchi yao kwa karibu, nayo ilikuwa juu ya vichwa vyao. Mabomu hayakubadilisha mwendo wa vita. Mwezi mmoja baadaye Kisangani ikaanguka, na tarehe 17 Mei Kinshasa nayo.

Mwaka wa 1998 ukaleta somo jingine. Mwezi wa Agosti, ndege za abiria zilizotekwa Goma zilivusha askari kutoka mashariki hadi kambi ya Kitona, karibu na bahari, upande wa pili wa nchi. Serikali ya Laurent-Désiré Kabila haikuwa na ndege za kuwazuia njiani. Kinshasa iliokolewa na majeshi ya Angola na Zimbabwe, yaliyokuja na ndege zao.

Baada ya hapo zilinunuliwa Su-25 kutoka Georgia, na baadaye helikopta za kivita. Tarehe 24 Januari 2023 moja ya Su-25 hizo ilipigwa na kombora kutoka upande wa Rwanda, ikatua Goma ikiwaka moto, na watu wa mji waliiona kwa macho yao. Rwanda ilisema imevuka mpaka, Congo ikakana. Mwaka huo huo zikaja ndege zisizo na rubani, CH-4, kutoka China, na kabla yake, mwaka wa 2022, ilipitishwa sheria ya kupanga matumizi ya jeshi kwa miaka kadhaa. Kupanga kwa miaka kadhaa ni jambo jema, kwa maana ndicho kilichokosekana zamani. Lakini sheria hupimwa kwa vitu visivyoonyeshwa siku ya gwaride: mshahara wa fundi, stoo ya vipuri, shule ya marubani, na uwanja wenyewe.

Uwanja wa Goma unaeleza hilo vizuri. Mwezi wa Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya njia ya kurukia, na kuirudisha yote kulichukua miaka mingi. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 iliingia mjini, na uwanja ukafungwa. Katikati ya Februari Kavumu, karibu na Bukavu, nao ukatoka mikononi mwa serikali. Ndege za kivita zilipoteza mahali pa kutua, na ndege za dawa na chakula zikapoteza pia. Anayelala chini ya hema alipoteza mara mbili, kwa sababu uwanja unaotumiwa na jeshi ndio huo huo unaoleta unga na dawa.

Kwa hiyo, redio inapotangaza kwamba serikali imenunua ndege mpya, raia ana haki ya kuuliza zaidi ya idadi yake. Aulize nani atazitengeneza mwaka wa tano, pesa za vipuri zitatoka wapi bei ya shaba na kobalti ikianguka, na amri ya kupiga bomu itatoka kwa nani, ili yaliyotokea Bukavu mwaka wa 1997 yasirudi. Mwaka wa 1973 hakukuwa na nafasi ya kuuliza hivyo. Leo ipo, na walioacha nyumba na mashamba yao ndio wenye sababu kubwa zaidi ya kuitumia.