Mbio za farasi: Thamani ya dau hupimwaje?

Mchezaji kamari anaposema amepata "thamani", hasemi kwamba amempata farasi atakayeshinda. Anasema kuwa malipo anayoahidiwa ni makubwa kuliko hatari anayoibeba. Hayo ni mambo mawili, na kuyachanganya ndiko kunakomaliza fedha za wengi.

Mkazi wa Gisenyi anayevuka Grande Barrière kwenda Goma ana mfano wa karibu. Mbadilishaji fedha hununua dola kwa bei moja na kuiuza kwa bei ya juu zaidi. Pengo baina ya bei hizo ndilo riziki yake. Msafiri makini haulizi iwapo dola ni sarafu nzuri, bali huuliza inauzwa kwa kiasi gani. Kampuni inayopanga malipo ya farasi nayo ina pengo lake, ila haiibandiki ukutani hesabu hiyo.

Hata hivyo pengo hilo laweza kukokotolewa. Kiwango cha malipo, ambacho wachezaji hukiita odi, hugeuzwa kuwa asilimia kwa kugawa 100 kwa odi yenyewe. Tuchukue mbio za mfano zenye farasi wanne: wa kwanza analipa mara 2, wa pili mara 3, wa tatu mara 4, wa nne mara 8. Asilimia zake ni 50, 33.3, 25 na 12.5. Jumla ni takriban 121, ilhali uwezekano wa farasi wote pamoja hauwezi kuzidi 100. Ziada hiyo ya 21 ndiyo pengo.

Thamani hupatikana pale tu makadirio ya mchezaji mwenyewe yanapokuwa sahihi kuliko ya soko. Farasi wa tatu amepewa asilimia 25. Ikiwa kwa kweli ana asilimia 30, dau la faranga 1,000 katika mbio 10 za namna hiyo litashinda wastani wa mara 3 na kurudisha 12,000 kwa 10,000 zilizotolewa. Ikiwa ana asilimia 20, zitarudi 8,000, hata kama leo ameshinda.

Kisha ipo kodi, ambayo wengi huisahau. Nchini Rwanda, kodi ya zuio kwa ushindi wa kamari ilipandishwa mwaka 2025 kutoka asilimia 15 hadi 25. Ikikatwa kwenye faida, yaani baada ya kuondoa dau, malipo ya 4,000 hubaki 3,250. Zidisha kwa 3: ni 9,750. Yule aliyekuwa mbele ya soko kwa asilimia 5 nzima, jambo lililo gumu mno, sasa anapata hasara.

Ugumu huo si wa maneno. Katika uwanja wa Ngong jijini Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1954, mtazamaji aweza angalau kumwona farasi, kumjua mpanda farasi na kulinganisha uzito anaobebeshwa. Lakini wenzake nao wanaona hayo hayo. Katika mfumo wa pari mutuel, ulioasisiwa Paris na Joseph Oller mwaka 1867, madau yote huwekwa katika mfuko mmoja, mwendeshaji hukata sehemu yake kwanza, na kinachosalia hugawanywa kwa washindi. Hapo mshindani ni mchezaji mwenzako, na odi ya mwisho hujulikana baada ya dirisha kufungwa. Mmarekani Bill Benter, aliyefanikiwa Hong Kong kuanzia miaka ya 1980, alihitaji kompyuta na kumbukumbu za mbio nyingi. Tena hakuyadharau maoni ya umma, bali alizichanganya hesabu zake na odi za soko.

Kosa la kawaida zaidi lilielezwa na mtafiti R. M. Griffith mwaka 1949: wachezaji huwapa farasi dhaifu fedha nyingi kuliko wanavyostahili. Kwa hiyo ile odi ya mara 40 inayong'aa mara nyingi ndiyo bei mbaya kuliko zote.

Yote hayo yanahusu farasi wa damu na nyama. Mbio nyingi zinazoonyeshwa kwenye skrini za maduka ya kamari ya Afrika Mashariki ni za kompyuta: mshindi huteuliwa kwa nambari za kubahatisha, na pengo la kampuni limo ndani ya programu. Hakuna farasi aliyechoka wala uwanja uliolowa mvua, hivyo hakuna cha kuchunguza na thamani haiwezi kupatikana. Anayetaka kuzitambua aulize zinakimbiwa katika uwanja gani, wa mji gani. Mbio za kweli huwa na jibu. Zile za kompyuta huanza upya kila baada ya dakika chache, usiku na mchana.