Ferguson ya Kijivu: Mwaka wa Kuzaliwa na Miaka ya Matengenezo

Kati ya mwaka 1946 na 1956 kampuni ya Standard iliunda, kwa ajili ya mhandisi Harry Ferguson, zaidi ya matrekta 517,000 ya aina ya TE20 katika kiwanda cha Banner Lane mjini Coventry, Uingereza. Kwa kuwa mengi yamepitia mikono ya mafundi wengi, kutambua mwaka wa trekta moja hudai kulinganisha ushahidi wa namna tatu: namba, injini na rangi.

Namba hupatikana kwenye kibao cha chuma kilichofungwa katika dashibodi, ikitanguliwa na herufi zinazotaja aina ya mafuta: TEA ni injini ya petroli ya Standard, TED ni ya mafuta yanayokaribiana na mafuta ya taa, na TEF ni ya dizeli. Namba hizo zilifuatana tangu mwanzo bila kujali aina, hivyo huonyesha mwaka wa kuundwa. Hata hivyo kibao huweza kung'olewa na kuhamishiwa kwenye trekta jingine, na kwa sababu hiyo hakitoshi peke yake.

Injini ndiyo inayokithibitisha kibao hicho au kukikanusha. Matrekta ya mwanzo yalitumia injini ya Continental kutoka Marekani, kabla ya ile ya Standard kushika nafasi yake kati ya 1947 na 1948, na dizeli haikuingia hadi 1951. TE20 haina chesisi, yaani fremu ya kubebea mitambo, bali injini, giaboksi na ekseli ya nyuma hufungwa pamoja na kuwa uti wa mgongo wa trekta. Kwa hiyo anayebadilisha injini hubadilisha sehemu ya mwili wenyewe. Injini zote za kiwandani zilikuwa na silinda nne, kwa hiyo ikionekana Perkins P3 yenye silinda tatu, hiyo ni kazi ya baadaye.

Rangi ndiyo ushahidi dhaifu kuliko wote. TE20 zilitoka kiwandani zikiwa za kijivu, ilhali wekundu ulienea baada ya jina la Massey Ferguson kuanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1950. TE20 nyekundu, basi, imepakwa rangi upya, na jambo hilo haliithibitishi wala kuikanusha namba yake.

Trekta lililofanyiwa matengenezo hustahili kuandikiwa tarehe zaidi ya moja: mwaka wa kuundwa kwake, na kipindi ambacho kila sehemu ngeni iliingizwa.