Ulanzi (kinywaji)

Ulanzi ni pombe ya asili inayotokana na utomvu wa mianzi michanga. Hunywewa hasa katika mikoa ya Njombe na Iringa, kusini mwa Tanzania, miongoni mwa Wabena, Wahehe na majirani zao. Jina la kisayansi la mwanzi wake ni Oxytenanthera abyssinica. Ulanzi hupatikana kwa wingi wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili au Mei, machipukizi yanapotoka ardhini.

Ugemaji

Mgema hukata ncha ya chipukizi lililofikia kimo cha mita moja hivi, kisha hulichonga upya asubuhi na jioni hadi utomvu uanze kutiririka. Utomvu hukingwa kwa mbeta, yaani kikombe cha kipande cha mwanzi. Chipukizi lililogemwa halikui tena kuwa mwanzi, hivyo mgema mwangalifu huacha mengine yakomae.

Hamira ya asili huanza kazi ndani ya mbeta yenyewe. Ulanzi mbichi, mtamu na wenye kileo kidogo, huitwa mtogwa. Ukikaa siku moja au mbili utamu hupungua, ukali huongezeka, nao huitwa mkangafu. Kileo chake huweza kufika takriban asilimia 5.

Gesi na vyombo

Hamira hugeuza sukari kuwa alkoholi na gesi ya kabonidayoksaidi, karibu nusu kwa nusu kwa uzito. Tuchukue mfano wa dumu la lita 20 lenye sukari gramu 50 katika kila lita, yaani kilo moja kwa jumla. Sukari hiyo ikiisha yote, hutoa karibu gramu 490 za gesi. Kwa hali ya hewa ya Njombe, gesi hiyo ingejaza zaidi ya lita 300, yaani zaidi ya mara 15 ya ujazo wa dumu lenyewe.

Ndiyo sababu ulanzi unaosafirishwa kutoka vijijini kwenda Makambako, mji wa njia panda ambako barabara ya Songea hukutana na ile ya Dar es Salaam na Mbeya, haufai kufungwa kabisa. Mtikisiko wa njiani hufukuza gesi iliyoyeyuka, na jua huichangamsha hamira. Dumu la plastiki huvimba kwanza, na hilo ni onyo. Chupa ya kioo haitoi onyo, hupasuka tu na kurusha vipande. Kifuniko kilegezwe kiasi cha kupitisha gesi bila kuruhusu vumbi na wadudu. Madumu mengi yasiwekwe katika chumba kidogo kisicho na madirisha wanamolala watu, kwa kuwa kabonidayoksaidi ni nzito kuliko hewa na hutuama chini.

Tofauti na bia ya bomba

Wapo wanaouliza kama ulanzi unaweza kutolewa kwa bomba kama bia. Katika bia ya bomba uchachu umekwisha, na gesi huletwa na mtungi kwa kipimo maalumu. Bia yenye baridi ya nyuzi 3 au 4 za Selsiasi hushikiliwa mara nyingi kwa kanieneo la psi 12 hivi. Msukumo huo hupunguzwa na msuguano ndani ya mpira mwembamba wa kupitishia bia. Kwa mpira wenye kipenyo cha ndani cha milimita 5, watengenezaji wa nyumbani huanzia na urefu wa mita 3. Mpira ukiwa mfupi mno, bia hutoka kwa kasi na kuwa povu tupu. Ukiwa mrefu mno, huchuruzika polepole.

Mwinuko nao una sehemu yake, na hapa mwanafunzi wa fizikia atafurahi. Geji huonyesha tu kanieneo linalozidi lile la hewa ya nje. Pwani hewa ina kilopaskali 101, lakini Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ina takriban 80. Ili bia ibaki na gesi ileile, geji ya Njombe isomeke psi 15 badala ya 12, na mpira uongezwe kwa karibu robo ya urefu wake. Makambako iko chini kidogo, hivyo nyongeza hupungua.

Ulanzi haukubali hesabu hiyo maadamu unachacha, kwa kuwa kanieneo lake hupanda saa baada ya saa. Pipa lake lingehitaji vali ya kupunguza gesi, na urefu wa mpira uliofaa asubuhi usingefaa jioni.