Mpala, kijiji cha jembe na ziwa

Ukifuata ufuko wa Tanganyika kutoka Kalemie kwenda Moba, utapita Mpala, karibu na mto Lufuko. Vitabu vingi vinaanza historia yake mwaka 1883, Mbelgiji Émile Storms alipojenga kituo pale. Lakini jina ni la chifu Mpala, aliyempokea. Kiwanja hakiombwi mahali pasipo na mwenyewe. Mwaka 1885 kituo kikaachiwa Mapadri Weupe. Stefano Kaoze, Mkongomani wa kwanza kupewa upadri katika koloni, mwaka 1917, alisoma kwao pale.

Hayo tunafundisha darasani. Ila wageni hawakula karatasi. Kulikuwa Watabwa wenye majembe na nyavu zao. Hata leo bukari ya muhogo, sombe na ndakala ndivyo vinalea watoto wa ufuko huu.

Tarehe za wazungu ziliandikwa. Za mashamba ziko katika vichwa vya wazee. Wakienda nazo, basi. Tuwaulize sasa, daftari mkononi: shamba hili nani alilifyeka kwanza? Njaa ilipoingia, mlikula nini? Hiyo pia ni historia.