Banyambala: mabingwa wa 1986 waliotoweka

Hapa Endagikot, Mbulu, hatujawahi kusifika kwa mpira. Sifa ya Mbulu ni mbio: John Stephen Akhwari, yule aliyemaliza marathoni ya Mexico 1968 akichechemea, goti limefungwa bandeji, ni wa huku. Mpira tuliusikia redioni. Betri zilizochoka zilianikwa juani tangu asubuhi ili saa kumi jioni zivute walau kipindi cha kwanza cha matangazo ya Redio Tanzania Dar es Salaam. Kwa njia hiyo watu wa milima hii walilijua jina la Tukuyu Stars.

Tukuyu ni mji mdogo wa Rungwe, mkoani Mbeya: chai, ndizi na mvua isiyokatika. Timu yake iliitwa Banyambala, yaani wanaume, kwa Kinyakyusa. Mwaka 1986 ilikuwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Daraja la Kwanza, ligi kubwa kuliko zote Bara wakati huo. Timu ngeni kwa kawaida huomba tu isishuke. Hii ilibeba ubingwa msimu uleule, Simba na Yanga zikiwemo humohumo. Kabla yake, timu ya mkoani iliyokuwa imetwaa ubingwa huo ni moja tu, Mseto ya Morogoro, mwaka 1975.

Ubingwa haukurudi tena. Timu iliporomoka hadi madaraja ya chini, kila mara wakijitokeza watu wa kutaka kuifufua. Wengine husema ilibahatisha. Mimi sikubaliani nao. Ligi haichezwi siku moja kama fainali. Kilichoimaliza ni kile kinachozimaliza timu zote za mikoani: ukimlea kijana akaiva, Kariakoo, yaani Simba na Yanga, wanamvuna. Sekilojo Chambua, kiungo aliyetamba Yanga na Taifa Stars, alipitia Tukuyu.

Na haikufa peke yake. Reli ya Morogoro, Ushirika ya Moshi, RTC (Kampuni ya Biashara ya Mkoa) ya Kagera: majina yenyewe yanakwambia nani alikuwa analipa. Mchezaji aliajiriwa na shirika, asubuhi yuko ghalani au karakanani, jioni yuko mazoezini, na nauli ya kwenda Songea au Mwanza ilitoka kwa mwajiri. Mashirika ya umma yalipofilisika na kubinafsishwa miaka ya 1990, jezi zilikwenda nayo. Pamba ya Mwanza, iliyoifunga Anse Boileau ya Shelisheli mabao 12-1 mwaka 1990, ilikaa miaka mingi nje ya Ligi Kuu hadi iliporejea 2024 kwa jina la Pamba Jiji.

Siku hizi nasi tuna Ligi Kuu jirani: Fountain Gate wanacheza Babati, kwenye uwanja wa Tanzanite Kwaraa. Betri za kuanika hazihitajiki tena. Ila kombe lenyewe, tangu Mtibwa Sugar walipolitwaa mwaka 2000, halijatoka Dar es Salaam.