Sindano Tano za Yambuku

Sisi wengi bado tunaamini hatujatibiwa mpaka tudungwe sindano. Mtu akirudi kutoka zahanati na vidonge tu, utamsikia akilalamika: "Hata sindano hawakunidunga!"

Watu wa Yambuku, kaskazini mwa Zaire, walikuwa na imani hiyo hiyo mwaka wa 1976. Hospitali yao ya misheni, yenye vitanda 120, iliendeshwa na masista kutoka Ubelgiji, na wagonjwa walitoka vijiji vya mbali kuja kudungwa. Lakini kila asubuhi manesi walipewa sindano tano. Tano za siku nzima: za wagonjwa wa nje, wa wodini na akina mama wajawazito wa kliniki. Akitoka mmoja, sindano inasuuzwa kwa maji ya vuguvugu, anadungwa mwingine.

Tarehe 26 Agosti, mwalimu mmoja mwenye homa alidungwa klorokwini, ikidhaniwa ni malaria. Homa ikashuka, kisha ikarudi kwa kishindo. Tarehe 8 Septemba akafa. Wakafuata wengine, wengi wao waliopitia hospitali ile ile, na baada yao jamaa waliowauguza na kuwazika.

Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Wale ambao sindano pekee ndiyo iliyowaambukiza, hakupona hata mmoja. Kati ya wahudumu 17 wa hospitali, 11 walikufa, masista wakiwemo. Tarehe 30 Septemba milango ikafungwa, kwani wa kuhudumu hawakuwepo tena. Vijiji navyo vikaweka vizuizi barabarani. Ugonjwa ukaanza kupungua.

Wataalamu waliufuatilia wakaupa jina la mto ulioko upande ule, Ebola, ili Yambuku isibebe aibu milele.

Nami sioni aibu ya kuwatwika masista wale. Walihudumu mahali ambapo wengine hawakutaka kwenda, na baadhi yao walikufa kama wagonjwa wao. Kilichowakosesha ni sindano za kutosha, glavu, na muda wa kuchemsha vyombo. Si dawa ya ajabu.

Kwa hivyo nesi akirarua paketi mpya mbele yako, usione anapoteza muda. Na asiporarua, muulize. Kuuliza si dharau. Kule Yambuku hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na swali la kuuliza.