Nani Atamshinda Mrema?

Julai 1995 nilikuwa Mgeta kwa mjomba wangu, mkulima wa kabichi, mwanachama tangu enzi za TANU. Siku tatu tulibishana juu ya Mkutano Mkuu wa CCM kule Dodoma. Mimi nilimtaka Kikwete: kijana, anapendwa, na Mrema, aliyeihama CCM mwaka huo huo na kuingia NCCR-Mageuzi, alikuwa akijaza viwanja. Mwalimu alimpigia debe Mkapa. Duru ya kwanza Kikwete aliongoza kwa kura 534, Mkapa 459, Msuya 336. Duru ya pili Mkapa akapata 686, Kikwete 639.

Mjomba hakushangilia. "Mpwa wangu," aliniuliza, "siku zote hizi waniambia nani atashinda. Mbona hujaniambia ashinde ili afanye nini?"

Nilimjibu kuwa asiyeshinda hafanyi lolote. Hata leo silioni jibu hilo kuwa la kipuuzi. Lakini chama kilichorithi Azimio la Arusha kilikwisha kulegeza miiko ya uongozi huko Zanzibar mwaka 1991, nami sikuligusia hilo hata mara moja. Yeye alimtaja Sokoine tu, aliyewabana wahujumu uchumi, akafa kwa ajali ya gari pale Dakawa, mkoani kwetu, tarehe 12 Aprili 1984.

Mkapa alishinda kwa karibu asilimia 62. Mjomba alikwenda kupiga kura. Hakuniambia alimpa nani.